Stereo ya kwanza ya sebuleni: anza na spika, ampu itafuata

Mkuu, umeuliza hivi: sebule yako ni mita 4 kwa 5, sakafu ya vigae, bajeti laki sita. Sabufa umeichoka, unataka spika mbili na ampu (kikuza sauti), na muuza duka amekwambia bila ampu ya wati 2,000 hutasikia kitu. Nianze na hizo wati maana ndizo zinazokula hela za watu.

Wati za PMPO zilizoandikwa kwenye boksi, yaani zile namba kubwa za kuvutia wateja, ni mapambo. Geuza ampu, soma kibandiko cha nyuma kinachosema inakula umeme kiasi gani. Kikisema 60W, hizo 2,000 zitatoka wapi? Na hata hizo 60 hazifiki zote kwenye spika, nyingine zinaishia kuwa joto. Unachotafuta ni wati za RMS, yaani zile ampu inazozitoa mfululizo, kwa kila upande, kwenye spika ya ohm 8 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme). Wala hazihitajiki nyingi. Kila spika ya maana imeandikwa inatoa desibeli ngapi (kipimo cha ukubwa wa sauti) ikipewa wati 1 na ukipima umbali wa mita 1. Tuseme ni 87. Wewe unakaa kama mita 3 kutoka kwenye spika, kwa hiyo zikipiga zote mbili kwa wati 1 kila moja, kwenye kochi unapata takriban desibeli 80 hadi 84. Hiyo tayari ni sauti ya kumfanya mtu aongee kwa nguvu. Muziki wa kawaida wa jioni unatumia chini ya wati 1. Wati za ziada ni za vile vishindo vya ngoma na besi vinavyoruka ghafla, na hapo 25 hadi 30 kwa kila upande zinatosha.

Sasa angalia namba ya spika inavyobadilisha hesabu. Kila desibeli 3 zinazopungua zinadai wati mara mbili. Kazi ambayo spika ya 87 inaifanya kwa wati 25, ya 84 itataka 50, ya 90 itaridhika na 12 na ushee. Ndiyo maana nasema spika kwanza. Ampu mbili nzuri zisizolazimishwa zinakaribiana sana kwa sauti, lakini spika mbili za bei moja zinaweza kutofautiana kama usiku na mchana. Kwenye laki sita yako, tenga laki tatu na nusu au nne kwa spika, laki moja na nusu kwa ampu, inayobaki waya na vichwa vya kuunganishia. Chumba hicho kinataka spika za mezani zenye wufa (ile spika kubwa ya besi) ya inchi 5 hadi 6 na nusu. Yale maspika marefu ya inchi 10 yatajaza besi kwenye kona na utasikia mvumo tu.

Kwa bajeti hiyo, spika nzuri utazipata zilizotumika, kwa hiyo usiende dukani mikono mitupu. Beba mita ya fundi, betri moja ndogo ya 1.5V na tochi. Toa kava la kitambaa umulike ile ringi inayoizunguka koni ya wufa. Ikiwa ya mpira, vizuri. Ikiwa ya sponji, iguse taratibu: sponji iliyozeeka inanata au inamomonyoka kama keki kavu, na joto la Pwani linaimaliza haraka. Fundi anaweza kubandika ringi mpya, ila shusha bei kwanza. Halafu sukuma koni kwa vidole viwili, kimoja kila upande, usawa sawa. Ukisikia mkwaruzo, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imeungua au imepinda, achana nayo. Mita: spika ya ohm 8 itasoma kati ya 5.5 na 7, ya ohm 4 itasoma 3 hadi 3.8. Isiposoma kitu, wufa au waya wa ndani umekatika. Betri iguse kwa sekunde moja tu, chanya kwenye nyekundu: koni zote mbili ziruke nje. Moja ikiingia ndani, kuna mtu aliifungua akageuza waya. Mita na betri hazikwambii lolote kuhusu twita (ile spika ndogo ya sauti nyembamba) kwa sababu mbele yake kuna kapasita inayozuia umeme wa betri, kwa hiyo piga wimbo kwa sauti ndogo na uweke sikio karibu na kila twita. Ukisikia kimya, ujue imeungua.

Kwenye ampu zilizotumika, mtego mkubwa ni umeme. Nyingi nzuri zinatoka Japani, na kule umeme ni 100V. Plagi utabadilishiwa dukani, lakini transfoma ya ndani haibadiliki kwa plagi. Ukiichomeka kwenye 230V yetu, ukiwa na bahati fyuzi inakatika, ukikosa bahati, transfoma inatoa moshi. Kibandiko kikisema 100V, weka kwenye bajeti transfoma ya kushushia, yenye VA (kipimo cha uwezo wa transfoma) angalau mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye ampu. Kabla ya kuunganisha spika zako, washa ampu bila muziki, weka mita kwenye DC (umeme kama wa betri) na upime kati ya tundu chanya na hasi la spika, kila upande. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ukiona volti nzima, hiyo ampu ina hitilafu, usiiunganishe: volti zikiwa nyingi zinaweza kukaanga wufa zako.

Ukitaka mpya, vile viboksi vidogo vyenye chipu ya TPA3116 vinafaa kabisa. Kwa chaja ya laptop ya 19V vinatoa kama wati 20 kwa ohm 8, kwa 24V vinafika 30 na kitu. Angalizo moja: kwenye hizo, tundu hasi za spika si erthi. Usiziunganishe pamoja wala usiziguse kwenye bodi ya chuma, unaweza kuiua chipu.

Waya: kwa mita 5, mm 1.5 inatosha. Kwangua ncha kwa kisu. Ikiwa nyeupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, basi nunua 2.5. Menya sentimita moja, sokota nyuzi zisichomoze, ampu ikiwa imezimwa. Ukimaliza na besi ikawa nyepesi, na mwimbaji hasikiki katikati, umegeuza chanya na hasi upande mmoja.

Spika zitenganishe mita 2 hadi 2.5, twita usawa wa sikio ukiwa umekaa, nusu mita kutoka ukutani kama tundu la hewa liko nyuma. Hivyo vigae vitakusumbua kuliko ampu. Zulia mbele ya kochi na mapazia mazito yataondoa ule ukali wa sauti, na hiyo ni hela ndogo kuliko kubadilisha spika.

Usizungushe kitufe cha sauti cha ampu ndogo mpaka sauti ianze kupasuka. Hapo ndipo twita zinapoungua, si kwa sababu wati ni nyingi bali kwa sababu zimekwisha. Umeme ukikatika, chomoa, au tumia kile kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha umeme dakika chache ukirudi. Na ukisikia mngurumo usiokoma baada ya kuunganisha king'amuzi, chomoa waya wa dishi kwanza kabla hujamlaumu aliyekuuzia ampu. Mngurumo ukikata, kosa liko kwenye njia ya erthi kati ya dishi na ampu. Ampu haina tatizo.