Swali la lugha: "mishipa mdogo" au "mishipa midogo"?

*Mwalimu, asalamu aleikumu. Mimi ni msomaji wako wa Kisauni, Mombasa. Mwezi uliopita tulimkimbiza mama hospitali baada ya maneno kumkwama mdomoni kwa muda wa saa nzima, kisha yakarudi yenyewe. Alipigwa picha ya kichwa, na mtu mmoja wa pale akatufasiria majibu kwa kuandika kwa mkono: "Hakuna damu iliyovuja. Ana ugonjwa wa mishipa mdogo wa ubongo." Nyumbani sote tulishusha pumzi, tukasema alhamdulillahi, ugonjwa wenyewe mdogo. Mama naye akaanza kuruka siku za vidonge vyake vya presha. Juzi ami yangu aliisoma ile karatasi, akasema pana kosa la Kiswahili na kosa hilo si dogo. Je, ni kweli? Na hicho ndicho kiharusi, au ni kupooza, au vyote ni kitu kimoja?*

Waalaikumu salamu, mwanangu, na mama Mungu amuafu. Ami yako amesoma sawasawa. Kilichopotea katika karatasi ile ni herufi moja, *i*, na herufi hiyo ndiyo iliyobeba habari yote.

Katika Kiswahili sifa huvaa nguo za jina inalolisifu. Ugonjwa ukiwa ndio mdogo, tunasema "ugonjwa mdogo". Mishipa ikiwa ndiyo midogo, tunasema "mishipa midogo". Sasa mtu akiandika "ugonjwa wa mishipa mdogo", msikilizaji anayeijua lugha yake ataliruka neno "mishipa", kwa kuwa halipatani na "mdogo", na kuirudisha sifa kwa "ugonjwa". Ndivyo masikio yenu yalivyofanya, na yalifanya kwa haki. Nyinyi hamkukosea hata kidogo. Karatasi ilisema ugonjwa ni mdogo, mkaamini ugonjwa ni mdogo.

Aliyeandika alikuwa akifasiri jina la kitaalamu kutoka Kiingereza, lugha ambayo sifa yake haibadiliki umbo. Neno "dogo" likiwa mbele ya "mshipa" na "ugonjwa", Kiingereza hakisemi linamwelekea nani. Madaktari wanajua kwa mazoea. Kiswahili hakitoi nafasi hiyo. Ukitamka -dogo lazima uchague kiambishi, na ukichagua umeshasema kipi ni kidogo. Na angaliandika kwa umoja, "ugonjwa wa mshipa mdogo", hali ingalikuwa mbaya zaidi, maana ugonjwa na mshipa zote mbili huchukua *m-* na hapo hata sarufi isingaliweza kuwaokoa. Kwa maradhi haya wingi ni lazima: ugonjwa wa mishipa midogo ya ubongo. Mimi mwenyewe napendelea "maradhi ya vishipa vya ubongo". Kishipa, vishipa: udogo umo ndani ya jina lenyewe, hauning'inii mwishoni mwa sentensi ukingoja kuangukia mahali pasipo pake.

Ukitaka kuona udogo huo ni wa nini, nenda Mji wa Kale. Ndia Kuu, ambayo jina lake limetuhifadhia Kimvita chetu (ndia ni njia), ina upana wa gari kupita. Pembeni mwake vinachomoza vichochoro ambamo watu wawili wakikutana, mmoja hujibana ukutani. Jambo likikwama Ndia Kuu, mji mzima utajua kabla ya adhuhuri. Kichochoro kikizibika, wanaojua ni nyumba mbili tatu za ndani zilizokuwa zikingoja mkokoteni wa maji. Ubongo nao ndivyo ulivyo. Mshipa mkubwa ukizibwa, mkono na mguu wa upande mmoja huweza kulegea papo hapo, na kila aliye karibu akaona. Lakini viko vishipa vinavyopenya ndani kabisa ya ubongo, vingi havifiki unene wa milimita moja. Presha ikivisukuma miaka nenda miaka rudi, kuta zake hukakamaa na kunenepa, njia ikazidi kuwa nyembamba, na sehemu vinazozilisha zikaanza kukosa damu bila ya mtu kusikia lolote. Karibu robo ya viharusi vinavyotokana na kuzibwa kwa damu hutoka kwenye vishipa hivi, na maradhi haya ni miongoni mwa sababu kubwa za watu wazima kupungukiwa na kumbukumbu na wepesi wa kufikiri. Udogo ni wa mrija. Maradhi yenyewe hayajaitwa madogo na mtu yeyote anayeyajua.

Usidhani ni sisi tu tunaohangaika na majina. Katika miaka ya 1960 Miller Fisher, daktari wa Kikanada aliyefanya kazi Boston, alichunguza bongo za marehemu (naam, bongo ndio wingi wa ubongo) akaonyesha jinsi vishimo vidogo vya ndani vinavyofungamana na presha. Vishimo hivyo huitwa lakuna, neno la Kilatini lenye maana ya shimo au dimbwi. Sisi tuna "kidimbwi", na linafaa kuliko lakuna, kwa sababu kishimo hicho hujaa majimaji, na upana wake ni milimita 3 hadi 15. Mwaka 1987 daktari Vladimir Hachinski na wenzake wakatunga kwa Kigiriki jina la yale madoa meupe yanayoonekana pichani: lukoareosisi. Wengine wakaendelea kuyaita watakavyo. Ikafika hadi doa lile lile likawa na makumi ya majina, na matokeo ya mtafiti huyu hayawezi kulinganishwa na ya yule. Ndipo mwaka 2013 wataalamu wa nchi mbalimbali, wakiongozwa na Joanna Wardlaw wa Edinburgh, walipochapisha makubaliano ya istilahi, yakaja kusahihishwa mwaka 2023. Walichokifanya kinanifurahisha kama mtu wa lugha: jina la Kigiriki waliliweka kando, wakachagua maelezo ya wazi ya kile ambacho jicho linakiona.

Basi na sisi tuseme kinachoonekana. "Madoa meupe" yanatosha, ila tuseme "madoa meupe pichani", si "madoa meupe ubongoni". Weupe huo ni wa picha ya MRI, mashine inayotumia sumaku. Katika picha ya CT, mashine inayotumia eksirei, mahali pale pale huonekana peusi zaidi. Nimewahi kumsikia mtu akieleza kwamba ubongo wa babake "umeota mvi", na nilimhurumia kwa hofu aliyokuwa nayo bure. Vidoa vya damu iliyotoka kidogo kidogo kwenye vishipa navyo vina kitenzi chao tangu zamani: damu *imevilia*. Bibi zetu walikitumia kwa goti la mtoto aliyeanguka, nacho kinaingia ubongoni bila ya kubadilishwa. Na maneno ya karatasi yenu, "hakuna damu iliyovuja", ni sahihi kwa Kiswahili, lakini yanajibu swali moja tu. CT huonyesha upesi kama damu imemwagika. Vitu vidogo vingi huhitaji MRI ndipo vionekane vizuri.

Neno "mshipa" lenyewe lina kazi nyingi mno. Mshipa wa damu ni mshipa. Neva pia huitwa mishipa, mishipa ya fahamu. Mtu aking'ang'ania hoja hutoa mishipa ya shingo. Na kwa wazee wa Pwani ukisema "fulani ana mshipa" watainamisha macho, kwa kuwa wamesikia ngiri au busha. Kwa hivyo usiliache neno hili peke yake mbele ya mgonjwa. Sema "vishipa vya damu vya ubongo", hata kama sentensi itarefuka.

Sasa kiharusi na kupooza. Si kitu kimoja. Kupooza ni hali: kiungo kimekosa nguvu, kama tunavyosema soko limepooza au biashara imepooza. Polio nayo imeitwa ugonjwa wa kupooza, na aliyeumia uti wa mgongo huweza kupooza. Hao hawakupata kiharusi. Kiharusi ni tukio la ubongo, damu imezibwa au mshipa umepasuka. Huweza kumpoozesha mtu, na huweza kumchukulia maneno tu, au jicho, au mizani ya mwili, huku mikono yake ikiwa na nguvu zote. Wengi hapa kwetu hungoja kuona mkono umelegea ndipo waite gari, na kungoja huko kunakula saa zenye thamani: dawa ya kuyeyusha donge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza.

Kiko tena kiharusi kisichopiga hodi kabisa. Picha huonyesha kidimbwi, na mwenyewe hakumbuki siku yoyote aliyougua. Hicho nakiita "kiharusi cha kimya". Kitenzi chetu cha kawaida, "kupigwa na kiharusi", hakikifai, kwa sababu kupigwa ni kwa ghafla. Maradhi ya vishipa hunyata.

Jihadhari zaidi na "kiharusi kidogo". Hapa sarufi inatutega upande wa pili. Kwa kuwa kiharusi ni cha ngeli ya KI-VI, sifa yake "kidogo" imefanana na kielezi "kidogo" cha "ngoja kidogo". Ukisema "mama alipata kiharusi kidogo", mmoja ataelewa kidonda kidogo cha ubongo, mwingine ataelewa dalili zilizopita upesi, wa tatu ataelewa kwamba si jambo la kujali. Zilizopita ziitwe "kiharusi cha kupita". Zamani saa ndiyo iliyokuwa mwamuzi wake: dalili zikiondoka ndani ya saa 24, kilikuwa cha kupita. Tangu 2009 wataalamu wa Marekani wameipa picha uamuzi huo. Ikionyesha kidonda, ni kiharusi kamili hata kama dalili zilidumu dakika kumi. Vidonda vikiwa vingi, lugha yetu ina njia nzuri ya kurudiarudia: "viharusi vidogo vidogo". Hapo hakuna atakayedhani ni kielezi.

Kuamua mama alipata kipi ni kazi ya daktari wake, nawe mwendee na karatasi hiyo hiyo mkononi, umwambie na habari ya vidonge vilivyorukwa. Lakini kabla ya hapo chukua kalamu. Kwenye "mdogo", baina ya *m* na *d*, tia *i*. "Wa ubongo" ifanye "ya ubongo", kwa maana ni mishipa inayozungumzwa. Kisha msomee mama kwa sauti, polepole: *ana ugonjwa wa mishipa midogo ya ubongo*. Akikuuliza kilichobadilika, mwonyeshe ile *i*.