Kwa makarani wapya wa hesabu za mazao: ushuru wa mazao unakatwa kwenye nini?

Ninyi mnaoanza kazi ya kushika vitabu vya wafanyabiashara wa mazao hapa Mbeya mtasikia kila siku pale Mwanjelwa kwamba kodi zimezidi, na wengi wenu mmetoka chuoni mkiamini kuwa serikali ikipunguza kodi na kukaa kando, soko litajiendesha. Mimi nami naelekea huko, ila kazi imenifundisha kuuliza kwanza kodi inakatwa kwenye nini.

Kabla ya mwaka 2017 ushuru wa mazao, ule ambao halmashauri huukusanya kwenye mageti ya barabarani, ulifika asilimia 5. Chukueni Fuso lenye magunia 100 ya viazi vya Uporoto, yaliyonunuliwa shambani kwa shilingi 50,000 kila moja: mzigo ni milioni 5, ushuru ni 250,000. Ikiwa mwenye mzigo, baada ya nauli, vibarua na viazi vilivyooza, angebakiwa na 500,000, ushuru umekula nusu yake. Na akipata hasara bado anadaiwa, kwa sababu unahesabiwa kwenye thamani ya mzigo. Kodi ya mapato ya kampuni, asilimia 30, inatisha zaidi masikioni, lakini yenyewe kwa kawaida huisubiri faida.

Kisheria anayedaiwa ushuru ni mnunuzi. Hata hivyo nimesimama kando ya barabara nikamsikia dalali akimwambia mkulima, "Mama, elfu hamsini siwezi, geti linanisubiri," na gunia likashuka hadi 47,500. Aliyelipa ushuru pale ni mama, ingawa stakabadhi haikuwa na jina lake.

Mwaka 2017 ushuru ulishushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mwenye mzigo usiozidi tani moja akasamehewa. Nafuu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini gari la mteja wangu mmoja liliwahi kulala kwenye kizuizi kwa kuwa karani wa zamu aliikataa stakabadhi ya halmashauri nyingine, na mvua ya usiku mmoja ikaharibu viazi vingi kuliko thamani ya ushuru wenyewe.

Msiende nayo hoja ya soko huria kwa wazee wa Iringa bila kujiandaa. Wanakumbuka kwamba tangu katikati ya miaka ya 1970 serikali ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, hivyo gharama ya kuyasafirisha kutoka huku mbali haikumwangukia mkulima, na kilimo cha mahindi kikapanuka mno katika mikoa yetu. Shirika la Taifa la Usagishaji, lililoyanunua mahindi hayo kwa niaba ya serikali, lilizama kwenye madeni, na hilo nalo wanalijua, ila shamba lilikuwa lao na deni halikuwa lao.

Basi mkifungua kitabu cha mteja, ushuru uandikeni kwenye safu yake, msiuchanganye na nauli, na pembeni yake muandike saa ambazo gari lilisimama getini.