Ada ilipwe chuoni, na mjomba atoke nje

Kwa miaka sita nimekaa kwenye kamati ya kuchagua wanafunzi wa kulipiwa ada ya taasisi moja ndogo ya familia hapa Tanga. Mwaka wa kwanza tulimkabidhi mzazi mmoja wa Makorora fedha ya ada mkononi, na picha tukapiga. Haikupita miezi miwili, binti yake akarudishwa nyumbani, hajalipiwa hata senti. Mvua za masika zilikuja na upepo ukaezua paa, baba akanunua bati. Angefanya nini, na watoto wanalowa? Kosa lilikuwa letu. Tangu hapo ada tunailipa kwenye akaunti ya chuo na stakabadhi tunaidai. Mwanafunzi tunampa nauli na fedha ya daftari tu.

Lakini kazi ngumu hasa ni ndugu. Mji huu tunajuana. Siku moja mzee wetu, mdhamini, alichukua fomu, akasoma jina, akairudisha mezani. "Huyu mtoto wa dada yangu. Nipisheni." Akatoka, akakaa barazani mpaka tulipomwita. Kijana hakupata, maana wenzake walimzidi alama na shida. Mzee hakuuliza. Kwenye muhtasari wa kikao tukaandika kwamba alitoka na kwa sababu gani. Nawaomba wenye taasisi msiache kuandika. Bila karatasi, mtaani watasema mnapeana wenyewe kwa wenyewe, na hamtakuwa na la kuwajibu.

Kwetu wadhamini, yaani wasimamizi wa taasisi, husajiliwa RITA, wakala wa serikali, ila usajili haukufundishi nani apewe. Mimi nilijifunza kwa Marekani. Huko, tangu sheria ya kodi ya 1969, taasisi binafsi inayotaka kusomesha watu hupeleka kwanza utaratibu wake kwa mamlaka ya mapato, IRS, uidhinishwe. Uchaguzi usiwe wa upendeleo, wachaguzi wasifaidike na anayechaguliwa, na angalau mara moja kwa mwaka taasisi ipate taarifa ya masomo na alama za mwanafunzi.

Hilo la mwisho tulilichukua kama lilivyo. Mwaka juzi matokeo ya kijana mmoja yaliporomoka, wawili kati yetu wakataka afutwe siku hiyohiyo. Nikaomba nimpigie simu kwanza. Mwenye nyumba alikuwa amemtoa, analala darasani, begi kalifanya mto. Tukamlipia chumba cha miezi minne, stakabadhi ikaingia kwenye faili lake.