Eti vidonge vya majira vinamaliza vitamini mwilini?

Dada wa Mafinga, umeuliza kama vidonge vya majira "vinakula" vitamini, maana unachoka sana na muuza virutubisho keshakupigia hesabu ya dozi. Usitoe hela kwanza.

Mimi niko Uyole, nimeshatumia vidonge, sindano na kitanzi. Alichosema huyo muuzaji, kwamba vidonge vinakula vitamini, ni nusu ya habari. Vidonge vyenye estrojeni (homoni ya kike) kweli huendana na kushuka kwa B6, B12 na foliki asidi kwenye vipimo. Ila kwa B12, mara nyingi kilichopungua ni protini inayoibeba kwenye damu, kwa hiyo kipimo kinasoma chini na mtu hana shida yoyote. Vitamini A na D zenyewe hupanda, na D hushuka ukiacha vidonge. Hilo hakukwambia, au siyo?

Sasa toa pakiti yako uiangalie. Kama ina vile vidonge 7 vya kahawia mwishoni, havina homoni, ni madini ya chuma. Wanawake kibao huku wanavitupa. Tena ukiwa kwenye vidonge hedhi huwa nyepesi, damu haikutoki sana. Mimi damu ilinipungua nikiwa na kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni hata chembe: hedhi nzito, nikipandisha kutoka sokoni na kikapu nasimama njiani nashika ukuta wa watu. Kliniki wakanipa fefo (vidonge vya chuma na foliki asidi), wakanikataza kuzimeza na chai kwa sababu chai inazuia chuma kuingia mwilini. Na baridi hii ya Uyole, kuacha chai ndiko kulikonitesa.

Sindano ya miezi 3 kesi yake ni mifupa: mifupa yenyewe hupungua uzito ukiwa unaichoma, na kwa wengi hurudi ukiacha.

Chakula tunacho. Usipa wa Kyela (dagaa wa Ziwa Nyasa) una B12, maharage na parachichi vina foliki asidi, na dona ina B6 kuliko sembe iliyokobolewa ikawa nyeupe pee.

Pesa yako iweke hapa: umesema mwakani unataka mtoto wa pili. Anza foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, angalau mwezi mmoja kabla ya kuacha vidonge. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki 4 za mwanzo, wengi hapo hatujajua hata kama tumeshika mimba. Ukisubiri kadi ya kliniki umechelewa. Na kama ulishawahi kujifungua mtoto mwenye mgongo wazi, mwone daktari kwanza, dozi yako ni kubwa zaidi ya hiyo.

Huo uchovu nenda kapime HB (wingi wa damu), wanakutoboa kidole tu, na mimba na malaria wakucheki hapohapo. Ukirudi tuambie imesoma ngapi na pakiti yako ni ipi. Kama ni vile vidonge vya mama anayenyonyesha havina estrojeni, kwa hiyo ya B12 na vitamini D niliyoandika hapo juu hayakuhusu.