Mabega Yako Hayajatoka Kazini

*Shikamoo Bibi. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 41, kibanda changu kipo Ngamiani hapa Tanga. Tangu tumalize sare za shule sipati usingizi wa maana. Saa nne usiku nimeshajitupa kitandani hoi, saa tisa macho makavu, shingo imekaza na vidole viwili vya mwisho vina ganzi. Tangu utoto nalala kifudifudi, mikono chini ya mto. Mito ni miwili, ya sufi. Kitanda ni cha kamba, cha kurithi, juu yake godoro la sponji. Mama mkwe ananikataza kulala chali, eti jinamizi litanikaba. Jirani anasema nilale sakafuni. Dukani wamenipa vidonge vya usingizi, bado sijavimeza. Nifanyeje? – Fundi, Tanga*

Marahaba mwanangu. Vidonge viache hapo vilipo, tuanze na mabega.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano hivi. Ukikiinamisha mbele ya sindano kutwa nzima, misuli ya nyuma ya shingo na ya mabega ndiyo inayokishikilia kisianguke. Magharibi unafunika cherehani, unafunga kibanda, lakini misuli ile hakuna aliyeiambia kuwa kazi imekwisha. Unaingia nayo kitandani imekaza vile vile, kisha unalala kifudifudi. Na kwa kuwa hakuna awezaye kupumulia ndani ya godoro, inabidi shingo uigeuze upande mmoja mpaka mwisho wake. Jaribu sasa hivi ukiwa umekaa: peleka kidevu juu ya bega, ubaki hivyo mpaka redio imalize nyimbo mbili. Wa pili hutaufikisha mwisho. Usiku unafanya hivyo tangu saa nne mpaka saa tisa.

Kwa nini saa tisa? Usingizi mzito kabisa tunaupata mwanzoni mwa usiku. Kadiri alfajiri inavyokaribia unakuwa mwepesi, na maumivu ambayo saa sita hukuyasikia, saa tisa yanakuamsha.

Hivyo vidole viwili vimenifurahisha, unisamehe, kwa sababu vinasema wazi tatizo liko wapi. Nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, kuna neva inayopita karibu sana na ngozi. Ndiyo ile ukijigonga kwenye ukingo wa meza unasikia kama umeshika umeme. Neva hiyo inahudumia kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pete. Ukilala umekunja viwiko chini ya mto, unaivuta na kuibana usiku kucha. Chukua khanga kuukuu, ikunje, uizungushie kiwiko usiku bila kukaza, iwe inazuia mkono usikunjike sana tu. Mikono itoke chini ya mto.

Sasa kitanda. Kitanda cha kamba sikisemi vibaya, mimi mwenyewe nimezaliwa juu yake. Ila kamba hulegea, na kikishalegea kiuno kinazama katikati huku miguu na kichwa vikibaki juu. Sponji haisaidii kitu, inafuata shimo. Toa godoro, laza mti wa ufagio kutoka mfumbati hadi mfumbati, utazame katikati. Ngumi yako ikipita chini ya mti bila kugusa kamba, tafuta mzee anayejua kuwamba akukazie. Kazi ya asubuhi moja.

Kuhusu sakafu, hapo nina deni la kuungama. Nilipoanza kazi ya tiba ya viungo miaka ya 1980, tulikuwa tukiwaambia wagonjwa wa mgongo walalie kitu kigumu. Mimi nimewawekea watu mbao chini ya godoro, wengine nimewateremsha sakafuni kabisa, na waliporudi wakilalamika kuwa nyonga zinawauma niliwaona walegevu. Mwaka 2003 watafiti wa Hispania walichapisha matokeo ya watu 313 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu, baadhi wakilalia magodoro magumu, wengine yenye ugumu wa kati. Baada ya siku 90, wa ugumu wa kati ndio waliokuwa na nafuu zaidi. Nilipoisoma habari ile niliwakumbuka wagonjwa wangu wa mbao mmoja mmoja. Jirani yako anakupa ushauri wangu wa zamani. Mshukuru, usiufuate.

Mto ndio wenye maneno mengi. Wewe ni fundi, chukua futi yako: pima kutoka shingoni hadi ncha ya bega. Huo ndio urefu wa pengo linalobaki kati ya sikio na godoro ukilala ubavu, na mto ukishabonyea chini ya kichwa ulijaze pengo hilo, upungue kidogo kwa kuwa bega nalo linazama. Waturkana wa kaskazini mwa Kenya hulaza kichwa juu ya kigoda kidogo cha mti, mchana wanakikalia. Hakina ulaini wowote, ila kimo kipo. Sisi tunanunua ulaini tukasahau kimo. Mito yako miwili bila shaka inakupandisha mno, lakini una bahati ni ya sufi. Fumua mshono wa mmoja, toa sufi, ichambue madonge yote, ianike juani, kisha rudisha kidogo kidogo huku ukijilaza na kumwita mtoto akupige picha kwa simu kutoka nyuma. Uti wa mgongo na kisogo viwe mstari mmoja, kama upindo ulionyooka. Ile sufi iliyozidi itie kwenye mto wa pili, huo uuweke katikati ya magoti ili goti la juu lisivute kiuno.

Mwili uliozoea kifudifudi miaka arobaini hautakubali siku moja. Udanganye: lala ubavu, ukumbatie mto wa tatu au blanketi lililokunjwa, kifua kiuegemee. Tumbo linadhani limelala chini, shingo iko salama. Ukijikuta umegeuka usiku, usijilaumu, sote hugeuka mara nyingi.

Mama mkwe naye usimcheke. Ile hali ya kuamka huku mwili haunyanyuki na kifua kimebanwa huwapata watu wakiwa chali kuliko wakiwa wamelala ubavu. Aliyoyaona ni ya kweli, tutatofautiana naye tu juu ya nani aliyekalia kifua.

Yote haya hayatafaa ukiingia kitandani na mabega yaliyo juu. Daktari mmoja wa Marekani, Edmund Jacobson, aliyefanya kazi Chicago tangu miaka ya 1920, aligundua kwamba watu wengi hawajui kuwa wamekaza misuli mpaka waikaze makusudi, kisha waiachie. Ukishalala, anza na miguu, hasa huo unaokanyaga pedali. Vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, hesabu tano, achia. Usivinyooshe mbele, shavu la mguu litakukakamaa utupe godoro. Subiri pumzi tatu nne, usikilize uzito unavyoshuka. Kisha mapaja, kisha ngumi. Mabega yapandishe mpaka masikioni, yaache yaanguke. Mwisho taya: mafundi mna tabia ya kushika pini kwa meno, na taya hubaki limebana hata pini zikishatoka. Ulimi usiguse kitu. Fanya hivyo wiki mbili kabla hujaniandikia kuwa haifai. Kuoga maji ya vuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala pia husaidia, mwili hutoa joto ukapoa ndani.

Ganzi ikibaki mchana, ukaanza kuangusha mkasi, au mkono ukapungua nguvu, usingojee mto. Nenda hospitali.

*Bibi, mume wangu ni dereva wa lori. Akilala chali anakoroma nyumba nzima haina amani, nikimgeuza ubavu ananyamaza. Nimgeuze mpaka lini? – Mama Watoto, Korogwe*

Mpaka leo tu. Akiwa chali, ulimi na nyama laini za koo huangukia nyuma na kubana njia ya hewa. Chukua fulana yake, shona mfuko mgongoni kati ya mabega, tia mpira wa tenisi au soksi zilizoviringishwa vizuri. Akijaribu kulala chali, mpira utamgeuza badala yako. Kama huna mkono wa kushona, kuna fundi Ngamiani ambaye kwa sasa yuko macho saa tisa usiku.

Lakini sikiliza kitu kimoja zaidi usiku huu. Katikati ya kukoroma, je, hunyamaza kabisa kwa sekunde kumi au zaidi, kisha akashtuka akitweta kama aliyezama? Na mchana husinzia ameshika usukani? Ikiwa hivyo, hilo si la mpira wa tenisi. Mpeleke hospitali kabla hajarudi barabarani.