Jibu: Itupe hiyo orodha ya akina Bhati

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza hosteli ya bei nafuu Greater Noida, mji ulio karibu na Delhi, India, mkalimani wa Kihindi, na kama orodha ya watu wenye jina Bhati uliyoiokota mtandaoni inatosha kuandikia tasnifu ya ukoo wa Bhati wa Wagurjar, jamii ya kaskazini mwa India. Haitoshi! Itupe.

Wapo Bhati Wagurjar, vijiji vya Dadri, jirani na Greater Noida, vimejaa wao. Wapo Bhati Warajput, jamii nyingine kabisa, wale wa Jaisalmer kule Rajasthan. Chauhan nao hivyo hivyo, jina moja, jamii mbili. Mimi niliwatia wote kapu moja kwa sababu msimamizi wangu, msomi asiyekosa jibu, aliniambia "Bhati ni Bhati tu, andika." Yeye akaendelea kula mshahara, mimi nikalipia muhula upya. Nimeshamsamehe. Uongo, sijamsamehe.

Na kiherehere changu hakikuishia kwenye karatasi, nikaenda kumsomea rasimu yangu mzee mmoja kijijini. Nilipofika pale nilipoandika kwamba ukoo wake ni tawi la Warajput, akauvuta mrija wa hukka, lile bomba la maji la kuvutia tumbaku, akampa aliyekaa ng'ambo yangu kwenye kitanda cha kamba. Hukka ikikuruka, ujue umefukuzwa kwa adabu. Chai yangu ilikuwa bado inafuka moshi, nikainywa mbio mbio nikaunguza ulimi, maana umaskini hauna aibu. Ni Dadri hiyo hiyo ambako mwaka 2021 ilizinduliwa sanamu ya Mihir Bhoj, mfalme wa kale ambaye jamii zote mbili humdai ni wao, neno "Gurjar" kwenye kibao likapakwa rangi nyeusi, Wagurjar na Warajput wakavutana nchi nzima ikisikia. Msimamizi alikuwa anasoma magazeti ya wapi?

Halafu kuna ambao orodha ya majina haitakuonyesha ukoo wao kabisa. Rajesh Pilot, Mgurjar aliyewahi kuwa waziri India, alikuwa wa ukoo wa Bidhuri. Hilo "Pilot" alilipata kwa kurusha ndege za jeshi. Na jina halitakuambia dini: akina Khatana, ukoo mwingine wa Wagurjar, utawakuta Wahindu Rajasthan na Waislamu huko Jammu na Kashmir.

Kila unayemhoji, kabla hujawasha kinasa sauti, muulize: jamii gani, kijiji gani, ukoo wa baba, ukoo wa mama, ukoo wa bibi. Ya ukoo watakujibu bila kufikiri, kwa sababu ndiyo wanayochujia uchumba. Wa ukoo mmoja ni ndugu, hawaoani. Jina la kwenye kitambulisho liandike mwisho kabisa, tena kwa penseli.