Kabla hujakipa kikao alama, muulize mteja

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya unasihi, mwaka wangu wa kwanza alinijia mama aliyefiwa na mwanawe (mengine nimeyabadilisha ili asitambulike). Kikao cha tatu nilikiandikia kurasa mbili nzima. Nilikuwa nimemwonyesha jinsi hatia aliyoibeba ilivyoanzia kwenye kifo cha baba yake, nikaamini nimegusa kiini. Siku ya kuagana nikamuuliza ni nini kilichomfaa. Akajibu, "Siku ile nilipolia, hukuniambia nijikaze." Habari ya baba yake hakuigusa.

Baadaye nikasoma kuhusu Irvin Yalom, daktari wa akili wa Marekani. Alikubaliana na mgonjwa wake, aliyempa jina la Ginny, kwamba baada ya kila kikao kila mmoja aandike kivyake. Maandishi yao yalichapishwa mwaka 1974. Daktari alithamini tafsiri zake za kina. Ginny alikumbuka alivyoombwa radhi daktari alipochelewa, na neno zuri kuhusu alivyopendeza.

Kwa hiyo ulizeni. Ila kwetu kuuliza kuna ugumu wake: mteja aliyekuamkia "shikamoo" hatakwambia usoni kwamba umemchosha. Atasema, "Nashukuru sana, nimesaidika," na hutamwona tena. Usimuulize, "Je, nimekusaidia?" maana jibu umeshampa. Muulize, "Leo ni wapi sikukuelewa vizuri?" Kisha nyamaza, hata kimya kikikuuma.

Wengine kalamu huwafungua kuliko mdomo. Ipo karatasi ya mistari minne, kila mmoja sentimita 10, ambayo mteja huitia alama kikao kikiisha (kadiri alama inavyosogea kulia ndivyo alivyoridhika zaidi): kama alisikilizwa na kuheshimiwa, kama mliongea aliyoyataka, kama njia yako inamfaa, na kikao kwa jumla. Asiyesoma, msomee. Alama zikiwa juu kabisa kila wiki, usijipongeze haraka; huenda bado anakustahi.

Kijana mmoja aliniwekea alama za juu vikao vitano. Cha sita, mstari wa kwanza akautia alama katikati. Nilimshukuru kwanza, ndipo nikamuuliza sababu. Akaangalia chini, akasema, "Kila nikianza kuongea juu ya kaka yangu, wewe unatazama saa." Saa ilikuwa ukutani, nyuma ya kichwa chake. Sikujua kabisa kwamba nafanya hivyo. Niliiondoa siku hiyohiyo, na wiki iliyofuata tukaanza na habari za kaka yake.